Maji Laini

Boliti ya saba ilikuwa inagoma. Nilikuwa nimeshika spana ndefu kwa mkono wa kushoto, na kwenye ncha yake, nusu mita kutoka kwenye boliti, nilikuwa nimefunga mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Nikiivuta mizani mpaka isome kilo tisa, boliti imepata mkazo wake. Sita za kwanza zilifika tisa bila shida. Ya saba ilifika saba ikaanza kulia, na boliti ikilia huwa sipendi kuilazimisha. Nikailegeza, nikaitoa, nikafuta nyuzi zake kwa kitambaa chenye oili, nikairudisha. Safari hii ikafika tisa kimya kimya. Nikaandika kwenye daftari: saba, sawa.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki saba nakaza boliti hizo kumi, kwenye injini hiyo hiyo, kwa mpangilio ule ule wa kuanzia katikati kwenda nje. Hermani, ambaye kibanda chake cha vipuri vya pikipiki kinapakana na uwanja wangu, alikuwa ameegemea nguzo akinitazama.

"Fundi Evarist," akasema, "hiyo injini umeiposa? Maana mwezi wa pili huu unaivua na kuivalisha."

Wateja wake wakacheka. Mimi niliendelea na boliti ya nane.

Gari lilikuwa la Mwalimu Genoveva, anayefundisha shule ya msingi nje kidogo ya Katesh. Ni gari dogo la petroli, silinda nne, ujazo wa sisi elfu moja na mia tatu. Bloku yake ni ya chuma, ila hedi inayoikalia juu ni ya aluminiamu, nyepesi kiasi kwamba naibeba peke yangu. Injini za namna hii nimezifungua nyingi tangu biashara ya magari ya mitumba ianze kufika huku kwetu, na magonjwa yake nayajua. Mkanda wa taimingi unakatika kwa sababu mwenye gari hajui kama upo. Nyaya za plagi zinavujisha moto asubuhi za ukungu na injini inaanza kumisi, inakatakata mlio. Themostati inang'olewa na fundi anayedhani anaisaidia injini kupoa, kumbe anaifanya inywe petroli bure kwenye baridi ya Mbulu. Lakini ugonjwa mkubwa ni kuchemsha. Hedi ya aluminiamu haivumilii kuchemka. Inapinda kidogo tu, unene wa unywele, na gasketi iliyo kati yake na bloku inaachia.

Nayajua, nilisema. Ndiyo maana siku ile nilikuwa na hasira. Ugonjwa ninaoujua ulikuwa unanirudia kana kwamba sijaugusa.

Na halikuwa suala la gari tu. Bibi Marieta, mama yake Mwalimu, alivunjika nyonga miaka sita iliyopita, na mguu wake wa kushoto haukunjiki tena. Ngazi za basi haziwezi. Gari kubwa la misheni lilijaribiwa mara moja. Watu wanne walimnyanyua, akalia kwa maumivu na kwa aibu, akasema harudii. Ila gari la Mwalimu liko chini. Kiti chake cha mbele kina kimo cha kigoda cha jikoni. Bibi anageuka, anatanguliza mgongo, anakaa, kisha binti yake anamwingizia miguu mmoja mmoja. Siku ya kwanza alipoweza alikaa humo mpaka chai yake ikapoa ndani ya nyumba. Akasema sasa atakwenda kijiji cha Daudi, kule Mbulu, kumwona Gaudensia.

Gaudensia ni dada yake mkubwa, ndiye pekee aliyebaki katika watoto saba wa baba yao. Hawajaonana tangu kabla ya nyonga kuvunjika. Mwezi uliopita kondakta wa basi la Mbulu alileta salamu kwamba Gaudensia ameacha ugali, anakunywa maziwa tu, na kila asubuhi anauliza Marieta amefika wapi. Mwalimu akapanga waende Jumapili. Siku ile ninayoisimulia ilikuwa Jumatano.

Kutoka Katesh unashika barabara ya Babati mpaka Dareda, halafu unaupanda ule mlima ambao hata malori yanausalimia kwa gia ya kwanza. Injini inayochemsha haifiki nusu yake.

Mara ya kwanza walipoliburuta gari mpaka kwangu ilikuwa katikati ya Juni. Niliikuta rejeta imejaa utando mweupe mgumu, kama ule wa kwenye birika. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi, na Mwalimu alikuwa akijazia hayo hayo. Gasketi ilikuwa imeungua. Nilisafisha rejeta, nikaipeleka hedi Babati kusawazishwa kwa mashine, nikaweka gasketi mpya. Siku ya kumkabidhi gari nilimweleza taratibu kwamba maji ya kisima ni maji magumu, yanaziba njia. Nikamwambia atumie maji laini. Alikubali, na mama yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake nilipolipeleka gari nyumbani, alikubali pia, akayarudia maneno yangu kama mtu anayeshika namba ya simu.

Baada ya wiki tatu likarudi. Linachemsha, na ukifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa inaunguruma, povu linapanda. Povu kwenye rejeta kila fundi anajua maana yake. Moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye njia ya maji, yaani gasketi imeachia. Nikafungua tena. Gasketi ilionekana nzima, lakini macho hayatoshi, nikabadilisha. Hermani alisema gasketi za siku hizi zinachapwa kama magazeti, na mimi, ambaye huwa sipendi kumlaumu mtu nisiyemwona, nilimlaumu yule muuza vipuri wa Babati kwa wiki mbili nzima moyoni mwangu.

Sasa lilikuwa limerudi mara ya tatu, na safari hii Bibi Marieta alikuja nalo. Liliburutwa kwa kamba na yeye akiwa amekaa kiti cha mbele, dumu la maji katikati ya miguu yake. Alitaka akae pale pale mpaka lipone, halafu lijaribiwe yeye akiwa ndani. Tulimweka kwenye benchi la Hermani, kivulini. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama nimekula.

Nilimaliza boliti ya kumi kabla ya saa sita. Nikarudisha mkanda wa taimingi, alama ya juu kwa alama ya juu, ya chini kwa ya chini, nikazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kuhakikisha. Nikapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji: zote nne karibu sawa, ya tatu pungufu kidogo tu. Nikaweka plagi. Mwalimu akaniletea dumu, akasema ni yale maji niliyoagiza, mama yake ameyaandaa mwenyewe. Nikajaza rejeta.

Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza. Sauti ilikuwa tulivu, haina kumisi. Bibi akapiga makofi mawili madogo. Mimi nilisimama juu ya rejeta na kifuniko mkononi, nikingoja ipate moto.

Dakika nane, hakuna kitu. Dakika kumi na mbili, mshale wa joto umefika katikati. Kisha povu moja likapanda. Likafuatwa na jingine. Halafu mengi, madogo madogo, yakijaa mdomo wa rejeta na kumwagika kwenye bampa.

Nilikiweka kifuniko chini polepole kwa sababu nilikuwa na hamu ya kukitupa. Hermani alisogea akachungulia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Mwalimu alisimama na mikono kifuani. Aliniuliza kama nina uhakika na kazi yangu, na hakuuliza kwa ubaya, ila niliumia kuliko kama angetukana.

Nikazima injini, si kwa sababu yoyote ila sikutaka kuisikia.

Nikabaki naitazama rejeta. Ikapita muda kabla sijaelewa ninachokiona. Kama ni moshi wa silinda, injini ikizimwa povu linakoma, maana pistoni zimesimama na hakuna kinachosukuma. Nikahesabu mpaka sitini. Povu liliendelea. Nikahesabu sitini nyingine. Bado mapovu yalikuwa yanapanda, madogo madogo, kama soda iliyofunguliwa muda si mrefu.

Basi haikuwa gasketi. Pengine mara ya pili pia haikuwa gasketi.

Nilichovya kidole pembeni, mahali palipopoa. Maji yalikuwa yanateleza, kama yamepitiwa na sabuni. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ladha ile naijua tangu utoto. Ni ya sufuria ya makande.

Nilikwenda kwenye benchi nikachuchumaa mbele ya Bibi Marieta ili nisiseme naye kutoka juu.

"Bibi, haya maji umeyatoa wapi?"

"Kisimani," akasema. "Ila usiogope. Nimeyalainisha."

"Umeyalainisha na nini?"

"Na magadi. Si yale ya udongo, ni meupe, ya ziwa Balangida. Ulisema maji laini." Alinyoosha vidole akawa anahesabu. "Mara ya kwanza niliweka kijiko kimoja kwa ndoo, kama ya makande. Gari likachemka. Nikasema hayajalainika sawasawa, nikaweka vitatu. Haya ya leo nimeweka vitano."

Hermani alianza kucheka, kisha akaacha katikati.

Nilimwuliza nani alimwambia magadi yanalainisha maji. Hakunijibu yeye. Mwalimu Genoveva alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mkono mdomoni. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba jioni moja alikuwa anasahihisha madaftari, mama yake akamwuliza maji magumu hufanywaje kuwa laini. Alimjibu bila kuinua kichwa, kama anavyomjibu mtoto wa darasa la sita: huchemshwa, au hutiwa magadi. Hakuuliza ni ya nini. Alidhani ni ya kufulia.

"Ni swali la sayansi," akasema. "Mwaka jana nililiweka kwenye mtihani."

Na jibu lake ni sahihi. Magadi hulainisha maji, nguo zinatoa povu, mahindi yanaiva haraka. Ila maji ya moto yenye magadi yanaila aluminiamu. Yanapoila yanatoa hewa, na ile hewa, iliyosukuma maji nje mpaka injini ikachemsha, ndiyo iliyonidanganya wiki zote hizo. Nilikuwa nafungua injini kutafuta moshi, kumbe hedi yenyewe ilikuwa inachemka kama soda, kijiko kwa kijiko, kila asubuhi, kwa mkono wa mtu aliyeitakia mema kuliko sisi wote.

Nilikuwa natafuta wa kumkasirikia, na kila nilipomgusa mmoja nilijikuta nimejigusa mimi. Nilichotaka mimi ni maji ya mvua. Lakini ilikuwa Juni, mvua zimekwisha, nikaona nikisema maji ya mvua wataniona sina akili. Nikachagua neno la kitabuni.

Bibi alinitazama. "Nimeliharibu mimi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Hapana, Bibi. Umefanya nilichosema. Mimi sikusema nilichotaka."

Alichukua fimbo yake akaanza kuchora chini, mstari mmoja, akaufuta, akachora mwingine.

Kwenye kanisa la jirani kuna tanki la maji ya mvua linalofungwa kwa kufuli wakati wa kiangazi. Katekista Tadeo ndiye mwenye ufunguo. Hermani alikwenda mwenyewe bila kutumwa, akarudi na ndoo mbili, akaenda tena. Nilimwaga yale ya magadi, nikasuuza rejeta na bloku mara tatu, nikajaza maji ya mvua. Nikawasha.

Dakika kumi na tano. Mshale katikati. Maji kwenye rejeta yalitulia kama maji ya kwenye beseni. Ishirini. Hakuna povu hata moja. Hermani akamwambia Bibi kuwa gari limepona, na Bibi akaanza kuinuka. Niliwaomba wangoje, kwa sababu huwa nangoja nusu saa.

Katika dakika ya ishirini na sita bomba la moshi likaanza kutoa moshi mweupe, mzito, usioisha. Injini ikaanza kumisi. Nilizima, nikatoa plagi moja moja nikazipanga juu ya gunia. Ya kwanza kavu, rangi ya kahawia. Ya pili kavu. Ya nne kavu. Ya tatu ilikuwa inadondosha maji.

Hakukuwa na njia nyingine. Nikaanza kuzilegeza boliti kumi, kutoka nje kuja katikati, zile zile nilizozikaza asubuhi kwa kilo tisa tisa. Hermani alinishikia spana bila kusema neno la kuposa wala la kuvalisha. Nilikwaruza kiganja kwenye bano la feni mahali pale pale nilipokwaruza Julai.

Tulipoigeuza hedi juu ya meza nililiona. Kando ya silinda ya tatu kuna tundu la maji, dogo, la mviringo, ambalo mdomo wake unapaswa kuwa na ukingo mkali. Ukingo haukuwepo. Aluminiamu ilikuwa imelika kama jino bovu, na ulaji ulikuwa umetambaa mpaka chini ya pete ya gasketi. Gasketi haikuwa na mahali pa kukanyaga. Asubuhi ilishikilia kwa baridi; ilipopata moto na maji yakasukuma, ikaachia.

Nilifungua daftari nikarudi nyuma mpaka Julai. Mwandiko ni wangu: *shimo dogo karibu na silinda ya tatu, si kitu*. Nililiona. Nililipima kwa jicho, nikaliandika, nikalifunika kwa gasketi mpya, na safari hii ya tatu sikulitazama tena, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshamhukumu muuza vipuri.

Nilimweleza Mwalimu yote, na hilo la daftari pia. Nilimwambia shimo lile halizibwi kwa gundi, itatoka kwenye mlima wa Dareda. Linatakiwa kujazwa kwa kuchomelewa aluminiamu, kisha hedi isawazishwe upya, na fundi wa kazi hiyo ninayemwamini yuko Arusha. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nikipanda nalo kesho, akinikubalia kesho hiyo hiyo, Ijumaa jioni nimerudi. Jumamosi nafunga. Akisema ningoje, au nikikosa gasketi nyingine, Jumapili imepita.

Alitaka kujua kama namwahidi. Nilimwambia siwezi kuahidi kazi iliyo kwenye mikono ya mtu mwingine. Alitikisa kichwa, akageukia upande wa mlima Hanang.

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya maduka. Nilijaza matambara safi kwenye silinda zote nne vumbi lisiingie, nikafunika injini kwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Hedi niliifuta, nikaizungushia gazeti, nikaiingiza kwenye kiroba nikafunga mdomo kwa kamba. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotaka iwe.

Nilipogeuka, Bibi Marieta hakuwa kwenye benchi. Alikuwa ameufungua mlango wa gari mwenyewe, ametanguliza mgongo, amekaa. Binti yake alikwenda akamwingizia miguu, mmoja kisha mwingine, na hakumwambia ashuke. Mzee yule alikaa anatazama barabara ya Babati kupitia kioo chenye vumbi, fimbo mapajani.

Nikamfuata dirishani kumuaga. Alikuwa ameshikilia dumu tupu.

"Ukirudi," akasema, "usiniambie tena laini. Niambie maji ya wapi."

"Ya tanki la kanisa, Bibi. Kwa Tadeo."

"Kwa Tadeo," akarudia. Akarudia tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Uwanja wangu hauna kabati linalofungika, ila gari linafungika. Boliti kumi nilikuwa nimeziweka kwenye kopo la maziwa, zimepangwa kwa zamu zake, ya saba nimeifunga uzi mwekundu niikague upya Jumamosi. Nilizunguka, nikafungua mlango upande wa pili, nikaliweka kopo kando ya miguu yake. Bibi akalitazama, akausogeza mguu wake mzima taratibu mpaka ukaligusa, akauacha pale.